Msiba Usio na Maiti

Ukitaka kumjua mtu aliyewahi kukimbia, mwangalie anaposhuka mteremko. Sisi wengine tunashuka tukiangalia chini, tunaogopa mawe. Mkimbiaji hushuka akiangalia mbali, miguu anaiachia ijue yenyewe pa kukanyaga. Mwalimu alishuka kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: hatua chache, anasimama, anageuka nyuma, anangoja kidogo, halafu anaendelea. Watoto wa Dongobesh walimzoea kiasi kwamba hata wale waliokuwa nyuma yake walisimama naye, wakageuka naye, wakaitazama barabara tupu inayotoka Tumati.

Mimi ni mtu wa duka na mtoto wa mtu wa duka. Kuandika si kazi yangu, na habari za riadha nilizijua kwa kuuza viatu vya raba tu. Ila mwaka huu binti yangu wa pili, ambaye Mungu alimpa mapafu ambayo hakuna aliyekuwa nayo katika ukoo wetu wa watu wanene, alivunjika mfupa wa muundi kwenye kambi ya wakimbiaji upande wa Gitting. Walimrudisha kwa magongo, mguu umefungwa hogo la plasta, akaingia chumbani akalala akielekea ukutani. Daktari alisema mfupa utaunga. Sikuwa na shaka na mfupa. Nilikuwa nimeshamwona mtu ambaye mguu wake ulipona na mwenyewe akabaki hukohuko, na niliogopa kuwa na wa pili chini ya paa langu.

Mtu huyo ni Mwalimu.

Alinifundisha sayansi darasa la tano, enzi zile akiwa bado anakimbia. Asubuhi tulikuwa tunapanga mstari nje, ukungu umeshuka mpaka kwenye mlingoti wa bendera, na tunamsikia kabla ya kumwona. Hatua zake zilikuwa nyepesi, hazina haraka. Anatokea, anapita katikati yetu akitoa mvuke, anaingia ofisini, na dakika chache baadaye yuko mbele ya ubao na shati lililopigwa pasi. Siku ya somo la moyo alitupanga foleni tumwekee mikono kifuani mara tu alipofika. Nilitegemea kukuta ngoma. Nilikuta moyo unapiga taratibu, kama mtu anayetwanga huku anapiga soga na jirani. Akasema, "Huo ndio moyo uliofunzwa adabu. Yenu ni mihuni."

Alikuwa na ulimi mkali. Methali ya pole pole ndio mwendo aliichukia waziwazi na kusema ilitungwa na wenye maduka ili wateja wasiondoke. Hapo ananitazama mimi. Mpaka leo nina mvi yeye bado ananiita "mtoto wa dukani," na nilipojaribu kumkumbusha kwamba nina wajukuu, alijibu, "Basi ni mtoto wa dukani mwenye wajukuu."

Habari ya kuumia kwake aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa amesimama upande wa pili wa barabara na mimi nikiwa mlangoni mwa duka. Ilikuwa karibu na mashindano ambayo yangemtoa nje ya nchi. Alikuwa anashuka kilima peke yake, asubuhi, mwili mwepesi kuliko siku zote. Akasikia mlio, na kitu kikampiga kisiginoni kwa nyuma.

"Nikageuka nione nani kanirushia jiwe," alisema. "Hapakuwa na mtu. Barabara nyeupe, ukungu, basi. Mimi sikuwahi kugeuka nyuma nikiwa mbioni, hata siku moja. Nilipotaka kuendelea nikaanguka."

Ulikuwa ni mshipa mnene wa kisigino, umekatika. Madaktari wanasema wengi wanaokatika pale hudhani wamepigwa. Lakini Mwalimu hakuliacha lile jambo. Alitaka kujua ni nani aliyekuwa nyuma yake, na baadaye sana, kwa utulivu ulionitia baridi, akaniambia amekwishajua.

Mshipa ulishonwa, ukapona. Alitembea kwa kuchechemea kidogo tu. Watu walikuja kumjulia hali kama inavyopasa, na mimi nikiwa kijana nilitumwa na mama kupeleka sukari, kwa hiyo nilisikia. Kila aliyeingia aliuliza, mguu unaendeleaje? Mguu umepata nafuu? Mguu utakimbia lini? Watu waliusalimia mguu. Mwenye mguu alikaa pale kitandani kama mlinzi wa mali ya watu, akijibu kwa niaba yake.

Siku moja akanyoa nywele zote. Akahama nyumba ya wazazi wake, akaenda kwenye kijumba cha udongo cha juu, karibu na mwanzo wa msitu. Akachukua sufuria yake, sahani yake, dumu lake. Akaacha kupeana mikono. Kisimani alingoja wote waondoke, na njiani alipita pembeni, kwenye majani.

Sisi wa dukani hatukuelewa, ila majirani zake walielewa palepale. Zamani huku, mtu aliyefiwa kifo kizito, hasa kifo cha mtoto, alikuwa na mkosi. Hakula na watu, hakugusana nao, alikaa peke yake muda mrefu, mpaka wazee waje wamtakase na kumrudisha. Makanisa yalipinga sana, na siku zile walioifuata desturi hiyo walikuwa wachache. Lakini hata walioiacha waliitambua walipoiona, na adabu ya kumwona mtu wa namna hiyo ni moja: unampisha, humwulizi. Kwa hiyo walimpisha. Mama yake alimwekea chakula juu ya jiwe na kuondoka. Baba yangu, Mwislamu wa watu ambaye hakuwa na habari na mkosi wala utakaso, aliambiwa na wateja afanye nini, akafanya. Anaiweka bidhaa mezani, anarudi nyuma, Mwalimu anaichukua. Kila mtu alimtendea wema, na wema huo ndio uliomfungia huko nje.

Maana msiba una mlango wa kuingilia na wa kutokea, na ufunguo wa kutokea anao mwingine. Muda ulipotimia wazee wawili walipanda kwenye kile kijumba. Waliuliza swali ambalo lazima liulizwe: aliyekufa ni nani? Mwalimu alinyamaza. Wakauliza tena. Akanyamaza. Wazee wakashauriana wakasema hawawezi kumtakasa mtu kwa kifo kisicho na maiti, wakachukua fimbo zao wakateremka. Wale wazee walishafariki, na aliyebaki anayejua maneno ya kutakasa simjui. Mwalimu akabaki katika mkosi kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho mabasi yaliacha kupita.

Msidhani alikuwa mwendawazimu. Hilo ndilo lililokuwa likinichanganya. Aliendelea kufundisha mpaka akastaafu, na wadogo zangu wanasema hakuna aliyefundisha kama yeye. Darasani alicheka, aliigiza chura, aliwaita wanafunzi mihuni. Ila chaki hakuipokea mkononi mwa mtu, iliwekwa mezani. Daftari ziliachwa dirishani. Jumapili alisimama nje ya kanisa, chini ya dirisha, akaimba besi kwa sauti nzuri kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alipanga waimbaji wa ndani kwa kumfuata wa nje. Mchumba wake alimngoja kwa uvumilivu, kisha akaolewa Haydom. Siku ya harusi Mwalimu alituma kuku wawili wanene, na aliyewapeleka anasema aliambiwa awafungue miguu kwanza, wafike wakitembea.

Ukimwamkia shikamoo, hakujibu mara moja. Alinyamaza, macho pembeni kidogo, kama anayempa mwingine nafasi ya kujibu kwanza. Kisha ndipo alisema marahaba. Nilimwamkia maisha yangu yote na sikuuzoea ule unyamavu.

Alipozungumza juu ya siku zake za mbio hakusema mimi. Alisema yeye. "Yeye alikuwa hapendi upepo wa ubavuni." "Yeye ugali wa asubuhi ulikuwa unamlegeza." Nilidhani ni namna ya mtu mzima kujitania. Siku moja nikamwuliza, yeye nani? Akanitazama kwa subira, kama vile bado niko darasa la tano. "Aliyetoka asubuhi ile kukimbia. Mimi nilibaki pale barabarani, si unajua? Yeye alinipita, akaendelea."

Mlangoni kwake ilikaa wakati wote jozi ya raba, imefungwa kamba vizuri, ncha zikielekea nje. Mwalimu mwenyewe alivaa kandambili za matairi mwaka mzima. Lakini alikuwa akija dukani mara kwa mara kununua kamba mpya za viatu, na raba zenyewe, kila nilipopita, zilikuwa na udongo mbichi. Mke wangu, ambaye hana subira na mambo ya kiza, anasema mzee huzivaa alfajiri na kuchechemea kilimani peke yake, kuna ajabu gani? Huenda. Lakini mtu anayechechemea huchosha soli upande mmoja. Zile zilichoka sawasawa.

Na kuna asubuhi moja. Nilikuwa natoka kuswali alfajiri, ukungu mzito, nikamkuta amesimama kando ya barabara, mkono umenyooshwa, ameshika kikombe cha maji, vile wanavyosimama wanaowapa wakimbiaji maji mashindanoni. Nikamwamkia. Hakujibu kabisa. Akasema kwa sauti ya chini, "Toka njiani, mtoto wa dukani." Nikatoka. Nini kilipita sijui, na sitaapa kwa jambo nisilolijua. Ukungu ulisogea, nikasikia harufu ya jasho na ya dawa ile ya kuchulia misuli, na mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata kivuli chake, alilala chini akatulia. Mwalimu akashusha mkono. Akakiangalia kikombe, akamwaga kilichobaki, akasema, "Leo anakwenda vizuri." Nilifungua duka kwa kuchelewa siku hiyo, na mteja wa kwanza aliniuliza kama naumwa.

Wakimbiaji ndio waliomwogopa kuliko wote. Vijana wa kambini waliokuja kufanya mazoezi upande wetu walizunguka kwa njia ya chini, mbali zaidi, ili tu wasipite mbele ya kile kijumba. Hawakumtaja. Waliogopa kuumia kama wenzetu wengine wanavyoogopa uchawi, na hata neno lenyewe hawalisemi. Mtu akivunjika wanasema amepumzika. Binti yangu alipopumzika, wenzake walipiga simu siku za mwanzo, wakicheka sana, wakimwuliza mguu unaendeleaje. Kisha simu ikanyamaza. Kocha wake alituma salamu. Chakula aliomba apelekewe chumbani, kisha akaomba kiachwe mlangoni, na mke wangu akawa anakiacha, maana mgonjwa hubembelezwa. Jioni moja nilimwona mama mtu anainama kuweka sahani sakafuni, anagonga, anaondoka bila kungoja, na nikaona kabisa tunakokwenda. Nilimfokea mke wangu bila sababu yoyote anayoijua.

Nilijaribu yote. Nilimletea shehe, nikamletea daktari, nikamletea shangazi yake wa Katesh ambaye huchekesha hata misibani. Alimjibu kila mmoja kwa adabu, uso ukutani. Alikuwa anajibu kwa niaba ya mtu.

Basi asubuhi moja Mwalimu akateremka. Nilikuwa nafungua milango ya duka, jua limeshaanza kuula ukungu, nikamwona amesimama si ng'ambo ya barabara bali hapa, kwenye msingi wa nyumba, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Sikuwa nimemwambia habari za binti yangu, na sidhani kuna mtu aliyethubutu kumwambia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Binti yako anakaa wapi?"

"Yuko ndani. Ameumia mguu."

"Huyo wa ndani najua ameumia," alisema. "Nauliza juu ya yule niliyemwona asubuhi hii. Amepita kwangu na yeye, bega kwa bega. Ana mkono wa kushoto anaurusha hivi." Akaurusha mkono wake, na ulikuwa ni mrusho wa binti yangu, kosa dogo ambalo makocha watatu walishindwa kulitoa. "Mtoto wa dukani, ukimwacha huyo akimbie sana, hatarudi. Mimi wa kwangu nilimngoja vizuri mno."

Nikampitisha uani. Ndani hakukubali kuingia, akakaa kwenye benchi lililo chini ya dirisha la chumba cha binti yangu. Nilikwenda kumwita na nilitegemea atakataa. Nadhani alitoka kwa sababu ya woga wa wakimbiaji. Aliposikia aliyekuja ni nani, hakuweza kuvumilia kuwa naye ukuta mmoja bila kumwona. Alisimama na magongo yake kwenye kizingiti, amekonda, kanga begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Kimya. Kisha, "Marahaba. Keti."

Hakuketi. Mwalimu akamweleza yote, bila kupamba. Mlio, barabara nyeupe, kijumba, wazee na swali lao. Alizungumza kama anayefundisha mzunguko wa damu. "Waliniuliza aliyekufa ni nani. Jibu nilikuwa nalo. Ilikuwa ni kutaja jina langu tu, niseme huyu mkimbiaji amekufa, wangenitakasa ningerudi kula na watu. Nikashindwa. Nikaona nikimtaja, nitakuwa nimemuua. Kwa hiyo wewe usifanye kosa langu. Taja jina lako leo, hapa, baba yako anasikia. Sema amekufa. Mimi ni mtu wa mkosi, nitaipokea hiyo habari, na kesho utakaa na wenzako."

Nimezika watu, nimezika na mtoto mchanga, lakini kusimama uani kwangu asubuhi kweupe, jua limewaka, nikingoja mwanangu aitangaze maiti yake mwenyewe, hilo sikuumbiwa. Nilitaka kusema basi, inatosha. Sikusema, kwa sababu sikuwa na dawa nyingine. Binti yangu alimtazama Mwalimu. Midomo yake ilifunguka, na kwa kitambo niliamini kabisa atalitaja.

"Mimi sijafa," alisema.

"Yule anayekimbia..."

"Hajafa na yeye. Hakuna aliyekufa, Mwalimu." Sauti ilikuwa inapanda, sauti ya hasira, na mimi niliifurahia ile hasira kama mvua. "Mguu unaniuma. Unaniuma sana. Uliniuma kabla haujavunjika, wiki nzima ulikuwa unaniuma nikanyamaza kwa sababu kule hatusemi. Unaniuma usiku, unaniuma nikijigeuza, na kila mtu ananiambia pole utakimbia tena, na sijui kama nitakimbia, na naogopa. Maiti haumwi, Mwalimu. Mimi naumwa."

Kisha akalia. Alilia kama anavyolia mtoto, kwa kelele, pua na vyote, na mama yake akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Gongo moja likaanguka. Sikuliokota, maana nilikuwa namtazama Mwalimu.

Alikuwa ameinama. Polepole akaivua kandambili, akakishika kisigino kwa vidole viwili, pale penye kovu, akabonyeza. Uso wake ukajikunja. Akaacha, akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama fundi asiyeamini kipimo chake. Nilimjua mtu huyu karibu maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akilalamika.

"Na wangu unauma," alisema.

Hakumwambia mtu. Alilisema lile neno chini, kwa mshangao, kisha akainua macho, akatutazama mmoja mmoja, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. "Unauma mpaka leo."

Binti yangu alijifuta pua kwa pindo la kanga. Akaketi mwisho wa benchi, akaunyoosha mguu wake mbele kwa shida, akaangalia kile kisigino.

"Unauma wapi, Mwalimu?" aliuliza. "Hapo juu, au chini kwenye mfupa?"

Mwalimu akamwonyesha.